Redio ya ham kwenye gari: kabla hujatoa pesa

Watu wetu wa Pwani walio Kimbo, kule Ruiru, wakitaka kufunga redio ya ham garini, huanza kuuliza wati. Mimi ningeanza kwingine: wataka kuzungumza na nani?

Redio ya VHF ya wati 50, masafa ya megahezi 144 hadi 146, mawimbi yake huenda moja kwa moja. Kilima kikikaa katikati, mazungumzo hukatika. Itakufaa kumpata mwenzio Juja au Thika, lakini Mombasa, karibu kilomita 500 kwa barabara, haifiki hata uongeze wati. Huko kwahitaji HF, tuseme megahezi 7, ambayo mawimbi yake hugonga tabaka la juu la anga yakarudi chini. Ila redio zake ni ghali, na antena ni ndefu.

Halafu umeme. Redio nyingi za gari hutaka volti 13.8, lori la volti 24 litaiunguza usipoweka kipunguza volti. Wati 50 hula ampea 10 hivi, kwa hivyo usichomeke penye kiwashio cha sigara. Vuta waya mnene mpaka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri hiyo. Bila fyuzi, waya ukichubuka gari laweza kuwaka moto. Pesa zilizobaki tia kwenye antena: ya nusu mita katikati ya paa yatosha kwa VHF.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na jina lako la hewani huanza na 5Z4. Ipate kwanza, maana muuzaji hatakuuliza.