Kuvu ukutani: tafuta maji kwanza, rangi baadaye

Kama wewe ni mkaaji wa pwani ya kusini, kuanzia Diani na Msambweni hadi Shimoni na ng'ambo kisiwani Wasini, hali hii si ngeni kwako. Masika yamefika, upepo wa kusi unavuma kutoka baharini na mvua za Mei zinakesha zikinyesha. Wafungua kabati kutoa leso uliyoiweka kwa ajili ya arusi, nayo yakupokea kwa uvundo. Viatu vya ngozi vimeota vumbi la kijani. Nyuma ya kitanda, kwenye pembe ya chumba, yametanda madoa meusi ambayo mwezi uliopita hayakuwapo.

Madoa hayo ni kuvu. Wengine huiita ukungu, wengine koga. Wengi wetu huichukulia kuwa uchafu wa kawaida tu. Ukuta hufutwa kwa kitambaa, chumba hufukizwa udi ili harufu ipungue, na Idi au Krismasi ikikaribia fundi huitwa apige rangi mpya. Baada ya wiki chache madoa yamerudi pale pale, pengine makubwa kuliko ya kwanza. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi naye huilaumu rangi. Ilhali mkosaji ni maji, na hakuna aliyemtafuta.

Kuvu huishi vipi?

Kuvu ni kiumbe hai, jamaa ya uyoga. Huzaana kwa chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo huelea hewani ndani na nje ya nyumba. Hakuna nyumba isiyo nazo, hata ifagiliwe mara ngapi kwa siku. Zikitua pakavu hukaa bila madhara. Zikitua penye unyevu, joto na chakula, huota. Chakula chenyewe si kingi: vumbi, karatasi, mbao, nguo, ngozi, hata rangi ya ukutani.

Joto tunalo mwaka mzima, na vumbi halikosekani. Kwa hiyo kitu ambacho mwenye nyumba anaweza kukizuia ni unyevu. Wataalamu hushauri kwamba chochote kilicholowa kikaushwe katika muda wa saa 24 hadi 48, kwa sababu baada ya hapo kuvu huwa imeshapata nafasi.

Madhara yake

Mtu mwenye afya njema huenda asidhurike sana. Lakini wapo wanaopiga chafya kila asubuhi, wanaowashwa macho, wenye mafua yasiyokwisha na kikohozi cha usiku. Wenye pumu hubanwa kifua. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya kupumua na pumu. Watoto wachanga, wazee na wale ambao miili yao haina kinga ya kutosha ndio wa kuangaliwa zaidi.

Kisa kimoja cha Uingereza kilishtua wengi. Mwezi Desemba 2020, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan na aliyeishi katika mji wa Rochdale, alifariki. Mwezi Novemba 2022 afisa aliyechunguza kifo hicho aliamua kwamba kilisababishwa na maradhi ya kupumua yaliyotokana na kuvu iliyokuwa ndani ya nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa amelalamika tangu mwaka 2017, na jibu alilopewa ni kwamba apake rangi juu ya kuvu hiyo. Sheria inayojulikana kwa jina la mtoto huyo ilianza kutumika huko mwezi Oktoba 2025, ikiwalazimisha wenye nyumba za umma kushughulikia unyevu na kuvu bila kuchelewa.

Ushauri wa kupaka rangi ndio ule ule tunaopeana hapa kwetu. Rangi huficha doa machoni, lakini kuvu huendelea kuishi chini yake.

Hata hivyo, si kila kikohozi ni cha kuvu. Mtu akikohoa kwa majuma mawili au zaidi apelekwe zahanati au hospitali ya Msambweni akapimwe, kifua kikuu kikiwa miongoni mwa yanayotazamwa.

Maji yatoka wapi?

Shimoni ilipata jina lake kutokana na pango la matumbawe lililoko pale. Jiwe hilo lina vitundu vidogo vidogo na hunyonya maji, na ndilo jiwe lililojenga nyumba nyingi za pwani yetu. Wazee walilijua tabia yake. Walilijengea kwa chokaa na kulipaka chokaa, na chokaa hunyonya unyevu kisha ikauachia jua likiwaka. Tena chokaa mbichi ni kali, kuvu haiipendi. Katika nyumba za udongo na makuti, waliacha upenyo kati ya ukuta na paa ili upepo upite juu ya vichwa vya waliolala.

Leo tunapiga plasta ya saruji juu ya jiwe lile lile, tukapaka rangi ya mafuta inayong'aa, tukaziba upenyo na kuweka dari. Nyumba inapendeza, ila maji yaliyoingia ukutani hayana pa kutokea. Zaidi ya hayo, zikague sababu hizi moja baada ya nyingine:

Paa. Makuti yaliyochakaa huvuja taratibu bila kudondosha tone sakafuni. Kwenye mabati, hewa ya chumvi hula misumari, na tundu la msumari mmoja hutosha kulowesha dari nzima. Kuvu ikiwa juu, karibu na dari, anza kutazama paa.

Ardhi. Kuvu ikipanda kutoka chini hadi kimo cha goti au kiuno, huenda maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Nyumba nyingi zimejengwa bila ile karatasi ya plastiki ambayo hutandazwa juu ya msingi kabla ya kuinua ukuta. Nyumba isiyo na mfereji wa paa nayo huchimbiwa na matone ya mvua, na maji hurukia ukuta siku nzima.

Chumvi. Mchanga wa ufuoni na maji ya kisima chenye chumvi si vya kujengea. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, na ukuta wa namna hiyo hutokwa jasho hata wakati wa kiangazi. Ndiyo maana pia akina mama wanaolima mwani, kama wale wa Kibuyuni, si vyema waweke magunia ya mwani mkavu katika chumba cha kulala. Ng'onda na papa mkavu wawekwe mbali vilevile.

Sisi wenyewe. Kupika ndani, kuoga, kuanika nguo chumbani siku za mvua, hata kupumua kwa watu watano katika chumba kimoja kilichofungwa, vyote hutoa mvuke. Madirisha hufungwa kwa hofu ya mvua, mbu na wezi. Kabati na kitanda husukumwa hadi vikagusa ukuta, na hewa haipiti nyuma yake. Weka wavu wa mbu dirishani ili uweze kuliacha wazi, na usogeze kabati liachane na ukuta kwa upana wa kiganja.

Usisahau ghala la jikoni. Gunia la mahindi lililowekwa juu ya sakafu yenye unyevu huota kuvu ya aina nyingine, inayotoa sumu. Mwaka 2004 sumu hiyo ya aflatoksini iliwapata watu 317 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 miongoni mwao wakafa. Mahindi ya kuweka yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na gunia likae juu ya vibao. Yakishaota kuvu, kuyaosha au kuyapika hakuondoi sumu. Usiyale wala usimpe kuku.

Kusafisha mwenyewe

Sehemu yenye kuvu ikiwa ndogo, isiyozidi mita moja mraba, unaweza kuisafisha bila kumlipa mtu. Chagua siku ya jua na ufungue madirisha. Watoto na mwenye pumu wakae nje. Funika pua na mdomo kwa barakoa na uvae glavu. Lowesha kuvu kwanza, kwa maana ukiisugua kavu utazirusha chembe zake chumba kizima. Sugua kwa sabuni, maji na brashi ngumu, suuza, kisha uache pakauke kabisa.

Penye vigae au saruji waweza kutumia dawa ya klorini kama Jik, ukifuata maelezo ya chupa. Lakini angalia sana: usiichanganye kamwe na siki, dawa ya kusafishia choo wala dawa yenye amonia, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Mbao na dari laini hazifai dawa hii, kwa sababu huua kuvu ya juu tu na kuacha mizizi.

Nguo zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Godoro la sponji au mto ulioota kuvu hadi ndani hausafishiki. Ni afadhali kuutupa, ingawa inauma. Baada ya wiki mbili za ukavu, na uvujaji ukiwa umezibwa, ndipo upake chokaa au rangi.

Fundi wa kweli na fundi wa rangi

Kuvu ikienea ukuta mzima, ikitokana na mafuriko au maji ya choo, ikirudi kila mara, au kukiwa na mgonjwa nyumbani, tafuta mtaalamu. Mijini kama Nairobi na Mombasa zipo kampuni za usafi zinazofanya kazi hii. Hata hivyo wamo pia wanaonyunyiza dawa yenye harufu nzuri, wakapokea pesa na kwenda zao.

Utamtambua fundi wa kweli kwa swali lake la kwanza: maji yanatoka wapi? Atapanda juu ya paa, atachungulia chini ya sinki na kupima unyevu wa ukuta kabla ya kukutajia bei. Akianza kazi hufunga chumba kwa plastiki ili chembe zisiende vyumba vingine. Dari na mbao zilizooza huzikata na kuzitoa zikiwa zimefungwa mifukoni. Hufyonza vumbi kwa mashine yenye chujio laini mno, husugua, hukausha, kisha hupima tena. Mwulize kabla ya kumlipa: chanzo ni nini, nani atakiziba, na kuvu ikirudi itakuwaje? Akikosa jibu la swali la kwanza, mwage kwa heshima.

Kwa wapangaji, neno moja. Kufungua madirisha na kuanika nguo nje ni kazi yako. Paa, mabomba na msingi ni kazi ya mwenye nyumba. Mweleze mapema, kwa maandishi, na uweke nakala. Nawe mwenye nyumba, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bati moja na misumari kumi ni rahisi kuliko dari nzima.

Mwezi wa Machi, kabla mvua haijaanza, izunguke nyumba yako polepole. Tazama paa, mfereji na miguu ya kuta, kisha usogeze kabati na kitanda utazame nyuma yake. Penye unyevu weka alama kwa makaa, uite fundi wa paa au wa bomba kwanza, na yule wa rangi asubiri zamu yake.