Je, Samaki Huyu Bado Ni Salama?

Tunaponunua maziwa ya pakiti dukani, hutazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Ni desturi nzuri. Lakini tarehe haiwezi kutuambia kama maziwa hayo yalishinda juani njiani. Kwa sababu hiyo wataalamu wametengeneza vibandiko vidogo vinavyohisi hali ya chakula.

Vibandiko hivyo ni vya aina nyingi, na hapa tutaeleza mbili. Aina ya kwanza huhisi joto. Ina kemikali inayobadilika rangi polepole, na joto likizidi hubadilika upesi. Rangi hiyo hairudi tena, hata pakiti ikiwekwa kwenye barafu. Aina ya pili huwekwa ndani ya pakiti ya samaki au nyama. Samaki akianza kuoza hutoa hewa yenye harufu kali, na hewa hiyo hugeuza rangi ya kibandiko.

Aina ya kwanza ipo hata katika zahanati zetu. Utaalamu uliotumika kwenye vyakula ulipelekwa kwenye chanjo, na tangu mwaka 1996 UNICEF ilianza kusambaza chanjo ya polio ya matone yenye alama hiyo. Ni duara lenye mraba katikati. Mraba ukiwa na rangi hafifu kuliko duara, na tarehe haijapita, chanjo inafaa. Mraba ukilingana na duara kwa rangi, au ukikolea zaidi, chanjo hiyo isitumike. Mzazi anaweza kumwomba muuguzi amwonyeshe.

Lakini sangara na sato tunaowanunua mwaloni, au wanaoletwa Kisesa na Bujora, hawana kibandiko. Hapo tutumie macho, pua na vidole:

1. Macho ya samaki yawe maangavu na yaliyojaa, yasiwe yamezama.
2. Mashavu yawe mekundu, yasiwe ya kahawia.
3. Nyama ikibonyezwa irudi mahali pake.
4. Asiwe na harufu ya kuoza.

Tukumbuke pia kwamba kibandiko, kama vile pua, hakitambui kila kitu. Vijidudu vya kipindupindu au vya homa ya matumbo vinaweza kuwamo katika chakula kisichonuka kabisa. Kwa hiyo tunawe mikono kwa sabuni, tupike samaki mpaka aive hadi ndani, na chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kiporo kipashwe moto mpaka kichemke. Samaki aliyeoza atupwe, kwani sumu nyingine haziondoki kwa kuchemshwa.

Mtoto akiharisha, tumpe maji ya chumvichumvi ya ORS mara moja, tuendelee kumnyonyesha au kumlisha, na tumpeleke zahanati bila kuchelewa. Anayepungukiwa maji mwilini anaweza kufa kwa muda mfupi. Bei ya samaki mmoja haifai kulinganishwa na uhai wa mtoto.