Kabla Uhamie Nyumba, Hesabu na Nauli

Umepata kazi Industrial Area, mshahara 30,000. Hongera! Lakini usitafute nyumba ukihesabu 30,000 yote. NSSF inakata 1,800, SHA 825, ushuru wa nyumba 450. Hiyo ni 3,075 imeenda, na PAYE bado.

Kitengela kodi inaweza kuwa nafuu, tuseme kwa 3,000. Sawa, lakini matatu je? Shilingi 100 kwenda, 100 kurudi, siku 24: 4,800. Ndiyo maana wafanyakazi wengi hukaa Mukuru na kurauka kutembea hadi kazini. Si eti hawapendi mtaa mzuri.

Mshahara ukiingia, lipa kodi siku hiyo hiyo kwa simu, na ile SMS usifute. Mkibishana na mwenye nyumba, hiyo ndiyo risiti yako.