Lushoto: Mlima, Nyika na Mvua

Milima ya Usambara Magharibi imezungukwa na nyika karibu pande zote. Upande wa magharibi ukuta wake wa mawe unaporomoka hadi tambarare ya Mazinde na Mombo, na anayesimama ukingoni Irente huiona reli, barabara kuu na mashamba ya mkonge karibu mita 1,000 chini ya miguu yake. Juu ya milima hii ndipo ilipo Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga, ambayo siku hizi ina halmashauri mbili, Lushoto na Bumbuli. Bondeni kuna joto na miiba. Mlimani kuna ukungu, migomba, na asubuhi za Julai ambazo hakuna atokaye bila koti. Washambaa, wenyeji wa mlima, wamezihesabu tangu zamani kuwa nchi mbili, Shambaai na nyika, kila moja na mazao yake, maradhi yake na hatari zake.

Ingawa mlima ulikuwa salama zaidi, vijiji vingi vya kale havikujificha ndani kabisa. Vilijengwa karibu na kingo, ili familia ilime migomba kuzunguka nyumba na papo hapo iweze kushuka kulima nafaka nyikani. Mvua ikikosa huku, huenda ikapatikana kule. Nyanda za juu zenye baridi, ambako majani ni mengi, zilikaliwa na Wambugu, wafugaji wa ng'ombe ambao lugha yao ya Ma'a huwashangaza wataalamu hadi leo: sarufi yake inafanana na ya Kibantu, lakini sehemu kubwa ya msamiati wake asili yake ni Kikushi.

Dola iliyoiunganisha milima hii ilianzishwa na mgeni. Masimulizi yanasema Mbegha alikuwa mwindaji kutoka milima ya Nguu, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, jambo lililohesabiwa mkosi, kwa hiyo ndugu zake wakamnyima urithi. Alikimbia na mbwa wake, akaishi mapangoni, akaua nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mazao ya watu, akawagawia nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Watu wa Bumbuli walimpa mke. Akiwa njiani kwenda Vuga aliua simba, na watu wa Vuga wakamfanya mtawala wao. Wanahistoria huweka mwanzo wa utawala huo katika karne ya 18. Wazao wake ndio Wakilindi, na mfalme wa Vuga aliitwa Simba Mwene.

Iwe Mbegha aliishi kama anavyosimuliwa au la, kisa chake kinaeleza mkataba. Mtawala anapewa nchi kwa sababu anawalisha watu na kuwaondolea kinachoharibu chakula chao. Washambaa waliusema mkataba huo kwa maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mmoja mwenye nguvu aliaminika kuishika mvua na kuinyesha kwa wakati wake. Wakiwapo wawili wanaolingana, nguvu hupambana na nguvu, mvua hukatika na njaa huingia. Siasa yote ya Usambara kwa karne mbili ilipimwa kwa kipimo hicho, na kwa hakika ni kipimo cha haki kuliko vingi vilivyokuja baadaye.

Aliyekaribia zaidi kukitimiza ni Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu takriban 1815 hadi kufa kwake mwaka 1862. Aliwaweka wanawe kuwa watawala wa sehemu mbalimbali, akakusanya kodi Vuga, na mkono wake ukafika hadi mwambao wa Pangani na Tanga, ambako mamlaka yake yaliingiliana na ya Sultani wa Zanzibar. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda Vuga mwaka 1848 kumwomba ruhusa ya kuhubiri, akarudi tena 1852. Mwaka 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walimkuta akiwa mzee na mgonjwa. Mengi yajulikanayo kuhusu enzi hiyo yanatoka katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, aliyeishi karibu na watawala hao na kuandika masimulizi yao kwa Kiswahili. Ni hazina adimu: historia ya dola ya bara iliyoandikwa na mwenyeji wa Afrika Mashariki, kwa lugha yake, kabla vyuo vikuu havijaanza kuishughulikia.

Wakati Kimweri anazeeka, utajiri ulikuwa umekwisha kuhamia bondeni. Misafara ya pembe na watumwa ilipita katika bonde la mto Pangani, na mwanawe Semboja alijenga makao yake Mazinde, kando ya njia hiyo, akapata bunduki na baruti. Kimweri alipofariki, mjukuu wake Shekulwavu alikalia kiti cha Vuga, lakini Semboja alimfukuza mwishoni mwa miaka ya 1860, akamweka mwanawe mwenyewe na yeye akabaki Mazinde. Wakati huohuo Wabondei, majirani wa Washambaa, wakainuka dhidi ya Wakilindi katika maasi yaliyoitwa Kiva. Vita vya ndugu viliendelea kwa miaka mingi na watu wengi waliuzwa utumwani. Kwa macho ya wakulima huu ulikuwa mfano kamili wa nchi kuharibiwa na nguvu mbili zinazopigana.

Wajerumani walikuta mgawanyiko huo wakautumia. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtoto wa Semboja, na makao yao ya mlimani wakayaita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao; ndiyo Lushoto ya leo. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri walikuwa wamekwisha kufungua kituo Mlalo. Reli kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, ilifika Mombo mwaka 1905. Mkonge ukajaa nyikani na walowezi wakahitaji vibarua, lakini Mshambaa mwenye migomba yake hakuona sababu ya kushuka jotoni kuwafanyia kazi. Kuanzia 1907 kila mwanamume wa Wilhelmstal alipewa kipande, yaani kadi ya kazi, na kulazimishwa kuwafanyia walowezi kazi siku 30 ndani ya kila miezi minne. Majengo ya mawe ya enzi hiyo hupigwa picha sana na wageni. Kipande hicho kinastahili kukumbukwa pamoja nayo.

Waingereza waliuteka mlima mwaka 1916. Katika miaka ya 1920 waliurudisha ufalme wa Wakilindi, lakini mfalme sasa alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara, asiyeweza kugawa ardhi wala chakula kama babu zake. Mkataba wa zamani haukusahauliwa. Njaa ilipokuja, watu waliendelea kumuuliza mfalme mvua iko wapi.

Mgogoro mkubwa zaidi ulihusu udongo. Watu walikuwa wameongezeka, sehemu ya ardhi ilikuwa imechukuliwa na misitu ya hifadhi na mashamba ya walowezi, na miteremko ilikuwa inalimwa bila kupumzishwa. Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na mwaka 1950 ikaueneza Usambara nzima. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta, wakakatazwa kulima miteremko mikali, na waliokaidi walishtakiwa. Mzigo wa matuta uliwaangukia zaidi wanawake, na familia zenye vishamba vichache zilitakiwa kuacha sehemu ya hivyo. Wengi waliamini kuwa ardhi inaandaliwa kwa ajili ya Wazungu. Tatizo la mmomonyoko lilikuwa la kweli, na hilo ndilo linalosikitisha: dawa iliyohitajika ilitolewa kama adhabu, kupitia machifu ambao tayari walituhumiwa kuiharibu nchi. Upinzani ulikipa nguvu mlimani TANU, chama kilichopigania uhuru, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Baada ya uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika nzima.

Kilimo cha leo kimezaliwa na baridi ya mlima. Kabichi, karoti, nyanya, viazi, plamu, peasi na pichesi hulimwa kwenye mabonde yanayomwagiliwa kwa mifereji, hujazwa katika matenga, na magari hushuka nayo Soni na Mombo kuelekea masoko ya Dar es Salaam. Bumbuli ina chai. Bei ya matenga hayo hupangwa mbali, na mkulima hubaki na sehemu ndogo. Tangu miaka ya 1980 miradi ya hifadhi ya udongo imerudi, safari hii kwa kupanda miti, majani ya malisho kwenye kingo za makinga maji na kufuga ng'ombe zizini. Imepokewa vizuri kuliko matuta ya wakoloni, kwa sababu mkulima anapata maziwa na mbolea mapema.

Misitu iliyobaki, hasa Magamba, Shagayu na Mazumbai, ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale ambao viumbe wake wengi hawapatikani kwingine duniani. Dusumburu, maua madogo ya zambarau yaliyopelekwa Ujerumani kutoka Usambara na Walter von Saint Paul-Illaire katika miaka ya 1890, leo yamo madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Lakini kwa wenyeji thamani ya kwanza ya misitu ni maji. Mto Soni unatoka mlimani na kumwagilia mpunga wa Mombo, na mteremko ukiachwa wazi juu, tope linalojaa kwenye mifereji ya mpunga huzolewa na wakulima wa nyikani.