Utambuzi wa Hitilafu katika Swichi ya Ethaneti Isiyoitikia: Utaratibu kwa Mafundi wa Taasisi

Ikisiri

Swichi ya Ethaneti inapoacha kuitikia, hatua ya kwanza ya mafundi wengi ni kuizima na kuiwasha. Isipopona, huhesabiwa kuwa imeharibika. Makala haya yanaeleza kwa nini mazoea hayo huficha chanzo cha tatizo, na yanapendekeza utaratibu wa uchunguzi unaoanzia kwenye umeme, ukapitia kebo na vitanzi, na kuishia kwenye njia ya usimamizi. Hoja kuu ni kwamba kauli "swichi haiitikii" hubeba hali tatu tofauti, na kila hali ina tiba yake.

1.0 Utangulizi

Swichi hupokea fremu za data kupitia mlango mmoja na kuzipeleka kwenye mlango unaostahili kwa kusoma anwani ya kifaa cha mpokeaji, ambayo ina biti 48. Kwa kuwa kompyuta, simu za mezani na vituo vya Wi-Fi vya jengo zima huunganishwa nayo, kunyamaza kwa swichi moja kunaweza kusimamisha malipo, usajili wa wanafunzi au upatikanaji wa majibu ya maabara. Shinikizo hilo ndilo humfanya fundi atende kabla ya kuchunguza.

2.0 Hali tatu za kutoitikia

Hali ya kwanza ni swichi isiyo na uhai: taa hazijawaka na feni, kama ipo, haizunguki. Ya pili ni swichi yenye taa lakini watumiaji hawawasiliani. Ya tatu ni swichi inayohudumia watumiaji vizuri, ila fundi hawezi kuifikia ili abadilishe mipangilio yake.

Tofauti hizi zinatokana na muundo wa kifaa. Kazi ya kupitisha fremu hufanywa na chipu maalumu, ilhali usimamizi hufanywa na prosesa ndogo iliyo kando yake. Prosesa inaweza kukwama huku chipu ikiendelea kupitisha data. Kwa hiyo, fundi anayetuma amri ya ping kwenye anwani ya swichi bila kupata jibu hajathibitisha kwamba swichi imekufa. Amethibitisha tu kwamba sehemu ya usimamizi haijamjibu.

3.0 Umeme

Uchunguzi huanza kwenye soketi, ambayo hupimwa kwa kuchomeka kifaa kingine kinachojulikana kuwa kizima. Kisha hupimwa adapta. Adapta iliyochoka inaweza kuonyesha volti sahihi ikiwa haina mzigo, lakini volti hizo zikashuka mara inapounganishwa na swichi. Dalili yake ni swichi kujiwasha upya mara kwa mara, au taa zote kuwaka na kuzimika kwa pamoja. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kutumia adapta nyingine yenye volti zilezile na uwezo wa ampea usiopungua ule wa awali.

Kwa swichi zenye kitengo cha umeme ndani, kapasita zilizovimba ni chanzo cha kawaida cha hitilafu. Kazi hiyo aachiwe fundi wa elektroniki, kwa sababu kapasita huweza kuhifadhi chaji ya hatari hata baada ya waya wa umeme kuchomolewa.

4.0 Kebo na vitanzi

Ikiwa taa zinawaka, fundi hutazama taa ya mlango husika. Mlango usiowaka hujaribiwa kwa kebo nzima na kwa kifaa kingine. Izingatiwe pia kwamba muunganiko wa kebo ya shaba haupaswi kuzidi meta 100.

Taa zote zinapomeremeta kwa kasi na kwa pamoja, dhana ya kwanza iwe kitanzi. Kitanzi hutokea, kwa mfano, mtu anapookota ncha ya kebo iliyolegea na kuichomeka ukutani, ilhali ncha ya pili tayari imo katika swichi ileile. Fremu ya matangazo hutolewa kupitia kila mlango isipokuwa ule iliyoingilia. Kwa kuwa fremu ya Ethaneti haina kihesabio cha kukomesha safari yake, kama kilivyo kwenye pakiti za intaneti, huzunguka na kuongezeka bila kikomo. Kwenye mlango wa gigabiti moja, fremu ndogo za baiti 64 zinaweza kufikia 1,488,095 kwa sekunde. Prosesa ya usimamizi hulazimika kuzishughulikia fremu hizo na huzidiwa; ndipo swichi nzima kabisa huonekana imekufa.

Kinga ya tatizo hili ni itifaki ya mti unganishi iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985, ambayo hufunga njia za ziada. Hata hivyo, kinga hiyo ina mipaka. Mwezi Novemba 2002, mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess jijini Boston, Marekani, ulivurugika kwa siku kadhaa kwa sababu ulikuwa umepanuka kupita kiwango ambacho itifaki hiyo ingeweza kukihimili, na wahudumu wakarudia kutumia karatasi.

Kuwasha upya hakuondoi kitanzi. Tufani hurejea muda mfupi baadaye. Tiba ni kuchomoa kebo moja baada ya nyingine, kuanzia zile zinazounganisha swichi na swichi, huku taa zikitazamwa. Kebo ambayo kuchomolewa kwake kunatuliza taa ndiyo ifuatwe hadi mwisho wake.

5.0 Njia ya usimamizi

Watumiaji wakiwa wanawasiliana, lakini swichi haifikiki, sababu kwa kawaida ni anwani: kompyuta ya fundi iko nje ya safu ya anwani za swichi, imo katika mtandao pepe usioruhusiwa, au kifaa kingine kimepewa anwani hiyohiyo. Hapo hutumika mlango wa konsoli, ambao katika swichi nyingi huwasiliana kwa biti 9600 kwa sekunde.

Kabla ya kuwasha upya, fundi asome kumbukumbu za matukio, kwa kuwa katika swichi nyingi hufutika umeme unapokatika. Kurejesha mipangilio ya kiwandani kuwe hatua ya mwisho, kwani hufuta mitandao pepe yote, pamoja na ile inayotenganisha kompyuta za uhasibu na za wanafunzi.

6.0 Hitimisho

Utaratibu huu unamtaka fundi atambue hali kwanza, kisha atafute chanzo, na ndipo atibu. Taasisi inayonunua swichi mpya bila kufuata mpangilio huo inaweza kuichomeka kwenye kitanzi kilekile, nayo ikanyamaza kama iliyotangulia.