Shibe na Lishe katika Ngara na Biharamulo

Msafiri atokaye Biharamulo kwenda Ngara hupita katika nchi ya vilima yenye rutuba. Kando ya barabara huona migomba, na karibu yake maharage, muhogo, mahindi na viazi vitamu. Mvua hunyesha katika misimu miwili kila mwaka. Ni vigumu kuamini kwamba katika nchi kama hiyo pana utapiamlo.

Hata hivyo, upimaji wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Kagera, ambamo zimo wilaya hizo mbili, zaidi ya watoto 40 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani walikuwa wafupi mno kuliko umri wao. Wastani wa Tanzania mwaka huo ulikuwa watoto 34 katika kila 100, na kufikia mwaka 2022 ulishuka hadi 30. Udumavu si jambo la kimo tu. Huandamana na maradhi ya mara kwa mara na uwezo hafifu wa kujifunza, na sehemu kubwa ya madhara yake hutokea kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Yawezekanaje basi mtoto adumae karibu na shamba la migomba?

Tumbo dogo, mahitaji makubwa

Jibu moja limo katika neno shibe. Ndizi za kupika, muhogo, viazi na ugali ni vyakula vya kundi moja. Kazi yake kubwa ni kuupa mwili nishati kwa njia ya wanga. Gramu 100 za ndizi zilizopikwa zina protini ipatayo gramu 1 tu, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Mlo wa ndizi pamoja na muhogo waonekana kuwa wa vyakula viwili, lakini kwa hesabu ya lishe ni mlo wa kundi moja.

Mtu mzima aweza kufidia upungufu huo kwa kula kingi. Mtoto mchanga hawezi. Tumbo la mtoto mwenye uzito wa kilo 8 huchukua chakula kipatacho gramu 240 kwa mara moja. Mtoto wa miezi 6 hadi 8, licha ya maziwa ya mama, huhitaji kilokalori zipatazo 200 kwa siku kutoka katika chakula cha nyongeza. Atimizapo mwaka mmoja huhitaji zipatazo 550.

Tuseme mama amepika uji mwepesi wenye unga gramu 5 katika kila gramu 100. Bakuli la gramu 200 litakuwa na unga gramu 10, yaani kilokalori 35 hivi. Mtoto atashiba kwa maji, na baada ya muda mfupi atalia njaa. Mama akizidisha unga, uji huwa mzito, na mtoto hushindwa kuumeza. Hapo ndipo penye tatizo.

Msaada wa kimea

Njia mojawapo ya kuliondoa tatizo hilo imekuwa ikifahamika kwa wapika pombe ya nafaka tangu zamani, nayo ni kimea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1973, waliichunguza njia hiyo kwa ajili ya uji wa watoto.

Punje ya ulezi ichipuapo hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilasi, ambacho huikata minyororo mirefu ya wanga kuwa vipande vifupi. Minyororo mirefu ndiyo inayonyonya maji na kuufanya uji uwe mzito. Ikikatwa, uji hulainika bila kupoteza unga wake. Kwa njia hiyo uji waweza kuwa na unga gramu 20 katika kila gramu 100 na bado ukanyweka. Bakuli lile lile la gramu 200 sasa lina kilokalori 140, mara nne ya zile za awali.

Jaribio la darasani

Loweka ulezi safi usiku kucha, uchuje maji, kisha uufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uchipue. Uanike juani ukauke kabisa, uondoe machipukizi kwa kuusugua, halafu uusage. Ulezi ulioota ukungu utupwe. Anayetumia mtama hana budi kuondoa machipukizi na vijizizi vyote, kwa kuwa vina sumu.

Pika uji mzito sana wa mahindi, uupoze hadi nyuzi 60 hivi, kisha uugawe katika vikombe vitatu. Katika kikombe cha kwanza tia kijiko kimoja cha unga wa kawaida uliokorogwa kwa maji kidogo. Katika cha pili tia kijiko kimoja cha unga wa kimea uliokorogwa vivyo hivyo. Katika cha tatu tia kimea kilichokwisha kuchemshwa. Koroga vyote, na usubiri dakika kumi.

Uji wa kikombe cha pili utakuwa mwepesi, na ule wa kwanza utabaki mzito. Uji wa kikombe cha tatu nao hautalainika kama ule wa pili, kwa sababu amilasi huharibiwa na joto kali. Hii ndiyo sababu kimea hutiwa baada ya uji kupoa kidogo. Nyumbani, uji ukisha kulainika ni lazima uchemshwe tena ili kuua vijidudu, ndipo mtoto apewe.

Kimea peke yake hakitoshi, kwa maana huongeza nishati lakini si viini vyote vya lishe. Uji huo waweza kutiliwa dagaa waliosagwa au karanga, na mtoto aliyetimiza miezi 9 alishwe mara tatu au nne kwa siku.

Sahani ya mwanafunzi

Kanuni hii yamhusu pia kijana wa sekondari. Maharage makavu yana protini gramu 22 hivi katika kila gramu 100, tena yana madini ya chuma, ambayo msichana huyahitaji zaidi kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Lakini chuma cha maharage hakifyonzwi kwa urahisi. Vitamini C, ipatikanayo katika mapera, mapapai, machungwa na nyanya, huusaidia mwili kukifyonza. Chai huuzuia. Kwa hiyo mwanafunzi alaye ugali kwa maharage na kumalizia kwa pera amejitunza vema kuliko yule amalizaye kwa kikombe cha chai, ingawa sahani zao zilikuwa sawa. Chai yaweza kungoja saa moja au mbili.

Mwaka 1975 kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai iliwakusanya wananchi vijijini kujifunza mambo ya namna hii. Ulezi, maharage na mapera bado yamo mashambani na masokoni. Linalosalia ni kujua yapi yaandamane na ndizi katika sahani, na katika bakuli la mtoto.