Sura ya Sita: Makadirio ya Bei Mtandaoni na Ufuko Unaohama

Dhana inayowapotosha wanunuzi wengi wa nyumba mjini Kigoma ni kwamba kila nyumba ina bei yake ya kweli iliyofichika mahali fulani, na kwamba tovuti au programu ya simu yenye akili ya kutosha inaweza kuifichua. Dhana hiyo imeota mizizi hasa miongoni mwa wenyeji wa Ujiji waishio Dar es Salaam, Muscat au Ulaya, ambao hutaka kujua thamani ya nyumba ya Mwanga au Gungu bila kufunga safari, wakaletewa tarakimu kamili hadi shilingi ya mwisho, na kwa kuwa tarakimu hiyo haikuishia kwenye masufuri, wakaiamini kuliko neno la jirani. Ili makadirio hayo yapimwe kwa haki, mambo matatu hayana budi kuchunguzwa: hesabu inayofanyika ndani ya mashine, kumbukumbu ambazo mashine hulishwa, na ardhi yenyewe inayouzwa.

Programu ya kukadiria bei haioni nyumba. Hupewa orodha ya nyumba zilizokwisha kuuzwa, pamoja na bei iliyolipwa, ukubwa wa kiwanja, idadi ya vyumba na umbali kutoka barabarani au sokoni, kisha hutafuta kila sifa huongeza au hupunguza bei kwa kiasi gani, na mwishowe sifa za nyumba isiyouzwa huingizwa katika hesabu hiyo hiyo. Kimsingi ndivyo afanyavyo mthamini anapotumia njia ya ulinganisho, yaani kuipima nyumba moja kwa mauzo ya karibuni ya nyumba zinazofanana nayo, ila mashine hufanya hivyo kwa maelfu ya nyumba kwa mpigo.

Kosa la makadirio hayo huelezwa kwa kipimo kinachoeleweka vibaya mno. Kampuni ya Zillow ya Marekani, iliyoanza kutoa makadirio yake mwaka 2006, imekuwa ikitangaza kosa la kati la takriban asilimia 7 kwa nyumba ambazo haziko sokoni, na wasomaji huchukulia kwamba hakuna nyumba inayokosewa zaidi ya hapo. Sivyo. Makadirio yote yakipangwa kuanzia lililokosea kidogo hadi lililokosea sana, lile la katikati ndilo lililokosea kwa asilimia 7. Nusu ya nyumba zimekosewa kwa zaidi, na kipimo hicho hakisemi ni zaidi kwa kiasi gani. Kwa nyumba ya shilingi milioni 100, kosa hilo la katikati ni milioni 7. Kwa nyumba iliyokwisha kutangazwa kuuzwa kosa hushuka hadi takriban asilimia 2, na mafanikio hayo husifiwa bila kuulizwa yametoka wapi: mashine imekwisha kuiona bei anayoitaka mwenye nyumba, ikaisogelea. Novemba 2021 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kuifunga biashara yake ya kununua na kuuza nyumba, ikikiri kwamba mwendo wa bei ulikuwa mgumu kutabirika kuliko ilivyodhani.

Hayo yametokea penye kumbukumbu tele. Katika England na Wales, msajili wa ardhi huchapisha bei zilizolipwa katika mauzo ya nyumba tangu 1995. Katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, nyumba nyingi zimejengwa katika maeneo yasiyopimwa na huuzwa kwa hati ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa, karatasi inayobaki kabatini. Na hata penye hati miliki, muuzaji hushawishika kuandika bei ndogo kuliko aliyopokea ili apunguze kodi. Kinachobaki mtandaoni ni matangazo ya madalali, nayo ni bei za kuanzia mazungumzo. Programu inayoyakusanya hukadiria matamanio ya wauzaji.

Wapo wanaoipinga mashine kwa sababu mbovu zaidi, wakidai haiwezi kujua nyumba yenye mkosi au jini. Huo ni upuuzi. Nyumba iliyokosa mnunuzi kwa miaka kadhaa kwa kawaida ina warithi wasioelewana, mpaka unaobishaniwa, au maji ya mvua yanayokula msingi. Upuuzi wa pili huvaa sura ya kisomi na hurudiwa na watu wenye shahada: kwamba ardhi haishuki bei.

Ziwa Tanganyika, ambalo Kigoma iko ufukoni mwake, linatosha kuukanusha, kwa kuwa maji yake yakipanda huifunika ardhi yenyewe. Mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani, upande wa Kongo, katika karne ya 19 ulikuwa umezibwa na mchanga na mimea, na maji yakawa yanapanda. Mwandishi wa habari Stanley, aliyekutana na mvumbuzi Livingstone Ujiji mwaka 1871, aliporudi mwaka 1876 alikuta miti iliyokuwa sokoni imesimama ndani ya ziwa. Karibu na mwisho wa muongo huo kizibo cha Lukuga kilivunjika, na ziwa likashuka takriban mita 10 katika muda usiofika miaka 20. Ndiyo sababu ukumbusho wa Livingstone leo uko mbali na maji. Kwa kuwa maji mengi ya ziwa hili huondoka kwa mvuke na si kwa mto, mvua za miaka mingi hulimbikizana kabla hazijapungua, kama ilivyoonekana tena kuanzia 2020, maji yalipovamia Gatumba nchini Burundi na kupanda katika mialo ya Kigoma. Programu hujifunza kutokana na mauzo ya miaka michache, ilhali kupanda na kushuka kwa ziwa huchukua miongo.

Hatari huongezeka kwa kuwa mashine huhesabu ukaribu na ziwa kuwa sifa njema, na huupima kwenye ramani bapa. Nyumba iliyo mita 80 kutoka majini kwenye mwinuko wa Bangwe na iliyo mita 80 kutoka majini kwenye mchanga wa Kibirizi kwake ni ndugu. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni, na ufuko ukisogea, nyumba iliyonunuliwa nje ya mpaka huo inaweza kujikuta ndani yake bila kuhama hata shubiri. Mthamini anayeijua kazi yake hufika Kibirizi kwa miguu, hutafuta ukutani alama ya tope iliyoachwa na maji, huwauliza wavuvi mitumbwi ilikuwa ikifungwa wapi, kisha huhakikisha kwamba mawe ya mipaka yaliyotajwa kwenye hati bado yako nchi kavu.